Jogoo Niliyemfukuza Ndiye Aliyeniumbua

Hapa kijijini Pande, mimi ndiye niliyewaonyesha watu bruda ni kitu gani, yaani banda la kulelea vifaranga kwa joto la taa. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa kuku hanishindi mtu. Basi hebu fikiria: vifaranga wa jirani yangu Bi Somoe wananenepa, wangu wanarundikana pembeni na kufa! Wivu ulinishika kweli.

Mke wangu aliwahi kunishauri niweke chungu cha makaa badala ya taa. Nikamjibu, "Mama Hadija, bruda si jiko."

Jumamosi Bi Somoe akaenda gulioni, nami nikaruka ua wake nikachungulie siri. Nilisahau jambo moja. Nilikuwa na jogoo mkorofi, kila asubuhi ananirukia mateke, nikampa Bi Somoe amchinje. Kumbe hakumchinja. Jogoo aliponiona tu, mbio akanijia! Nikajitupa ndani ya banda la vifaranga na kufunga mlango, yeye nje anaupiga.

Mle ndani mlikuwa na chungu cha makaa, kimefunikwa majivu. Na kando ya chungu ameketi mke wangu, vifaranga wamejaa kwenye kanga yake.

"Wewe hukunisikia, nikamwambia Bi Somoe," akasema. "Karibu, mtaalamu."

Mara nikasikia nje ya mlango sauti ya Bi Somoe mwenyewe, karudi na kikapu chake, kasikia yote.

"Shemeji! Nimshike jogoo utoke, au somo bado halijaisha?"