Kitinda Ndani ya Soksi

Usiku ule nililala nimeshika soksi. Soksi moja tu, ya shule, iliyokuwa nyeupe zamani, na ndani yake kipande cha mti kisichozidi ncha ya kidole changu cha mwisho. Nilikuwa nimekiiba kwa watoto wa chekechea. Wenzangu wanaiba majibu ya mtihani, mimi naiba kwa mtu ambaye bado anafutwa kamasi.

Nieleze kwanza ilivyokuwa, maana ndoto niliyoota usiku huo bila haya haina kichwa.

Mama yangu ni mwalimu wa darasa la wadogo kwenye shule moja ya Montessori hapa Lushoto. Mimi niko kidato cha tatu, na nikiwa likizo Mama hapendi kuniona kitandani, kwa hiyo ananiburuta nikamsaidie. Darasani mwake watoto wa miaka mitatu mpaka sita wanakaa pamoja, na kila mkubwa ana mdogo wake wa kumwonyesha kazi. Masika yakishika, mashamba yakiwa kijani mpaka macho yanauma, wakubwa wanavuka kwenda darasa la juu, ambalo ni mlango wa pili tu. Hakuna mtihani. Unatandika mkeka, unamwonyesha mdogo wako kazi moja tangu kuitoa kabatini mpaka kuirudisha kabatini, kisha unavuka.

Mwaka huu mmoja wa wavukaji ni Zuhura. Ana miaka sita na roho ya mkuu wa wilaya. Jumatatu aliniambia mbele ya darasa zima, "Dada Rehema, mkeka haukumbatiwi kama mbuzi. Unakunjwa, unabebwa hivi." Watoto wakacheka. Mimi huchekwa nikitaka mwenyewe. Siku ile nilichekwa bila ruhusa yangu.

Jumanne, Zuhura akatandika mkeka, akamkalisha mdogo wake Juma, wa miaka mitatu, na kuleta kibao cha matundu. Ni kibao kinene chenye matundu kumi na vipande kumi vya mti vya kuyajaza, kila kipande na kichwa chake cha kushikia, kuanzia kinene mpaka kile kidogo kabisa ambacho watoto wanakiita Kitinda. Unavitoa vyote, unavichanganya, unavirudisha. Ukikosea, mwishoni kitabaki kipande kisichoingia, na utajua mwenyewe kabla mwalimu hajafungua mdomo. Nikapita karibu, nikajifanya naokota kitambaa, nikamchukua Kitinda. Ningemtoa nyuma ya sikio la Juma baada ya dakika mbili. Hata sura ya kuweka nilishaipanga.

Zuhura akajaza matundu tisa. Akatazama la kumi. Akainua mkeka, akakung'uta sketi yake, halafu akamtazama Juma. Juma alikuwa anatafuna. Baadaye tulikuja kujua ni ganda la chungwa.

"Kameza," Zuhura akasema polepole. "Mwalimu, Juma kameza Kitinda."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Lakini Mama alikuwa ameshamgeuza Juma kichwa chini anampiga mgongoni, mpishi anakuja mbio na kikombe cha maji, watoto wanalia kwa zamu, na Kitinda yuko mfukoni mwangu anapata joto kama yai. Nikajisemea, wakitulia. Walipotulia nikajisemea, kesho.

Nesi wa zahanati alimbonyeza Juma tumbo, akasema kitatoka chenyewe, wakague poti. Kisipotoka mpaka Ijumaa, apelekwe hospitali kupigwa picha. Siku mbili mama yake Juma akakagua poti kama ofisa wa forodha. Nilicheka peke yangu chooni.

Zuhura akaacha kuja shule. Alhamisi jioni Mama alikwenda kwao, akarudi na matope mpaka magotini na hakugusa chakula.

"Anasema havuki," akaniambia. "Anasema yeye si mkubwa, mkubwa haachi mdogo wake ameze mti. Nimemwambia si kosa lake. Ananiangalia tu."

"Watoto wanasahau, Mama."

"Wewe umesahau nini cha umri ule?"

Nikaenda chumbani na mpango wangu. Ijumaa asubuhi, kabla watoto hawajaingia, ningemtupa Kitinda nyuma ya kabati, nijifanye nafagia, nipige kelele kidogo, Juma angepona na mimi ningekuwa shujaa. Hakuna wa kulaumiwa. Nikamtia kwenye soksi, nikazima taa.

Nikawa darasani. Sikuingia, nilikuwemo tu. Nimekaa kwenye kile kiti cha bluu nilichokalia nilipokuwa mtoto wa darasa hili, magoti yanagusa masikio. Watoto wameketi juu ya mstari mweupe uliochorwa sakafuni, mduara mrefu wenye umbo la yai, wote wamefumba macho. Ukungu umeingia mpaka kwenye makabati. Mkononi nimeshika ile kengele ndogo ya shaba ambayo mtoto hutembea nayo juu ya mstari bila kuiliza.

Nikajua ni mchezo wa kimya. Tuliucheza nilipokuwa mdogo. Mnanyamaza mpaka mnasikia tone moja moja kwenye bati, kisha mwalimu anakwenda chumba cha pili na kuita majina kwa kunong'ona. Anayeitwa anainuka, anakwenda.

Mlango wa darasa la juu ulikuwa wazi, na ndani hakuonekani kitu. Sakafuni, kutoka mlango wa nje mpaka mlango ule, kulikuwa na nyayo za mabuti ya mvua, matope mabichi kabisa. Nikawaza, nani atadeki haya. Halafu nikaona alama ya mraba kwenye kila kisigino cha kushoto. Buti lile liliwekwa kiraka cha tairi la baiskeli. Ni la Mwalimu Modesta, aliyekuwa na darasa hili kabla ya Mama, aliyenifundisha mimi kufunga vifungo na kufuta meza. Tulimzika mwaka juzi. Mimi nilicheka msibani, kwa sababu mpiga tarumbeta wa kwaya alipiga chafya ndani ya tarumbeta.

Bibi yangu ana sharti moja kuhusu ndoto. Marehemu akikuita, usiitike. Ukiitika umekwenda naye. Hata ndotoni nikalikumbuka, na mimi ndiye niliyekuwa nalicheka mchana.

"Juma," sauti ikanong'ona kutoka mle ndani.

Juma akainuka. Anatembea juu ya mstari na zile soksi zake zenye kidole nje, tumbo limetangulia. Nataka kumwambia akae chini, hajui ni nani anamwita. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Kulikuwa na kitu juu ya ulimi wangu. Kigumu, cha mviringo, kina kichwa.

Kitinda alikuwa kinywani mwangu mimi.

Juma akafika mlangoni. Ukungu ukamchukua miguu, ukamchukua kiuno, kikabaki kisogo, halafu hata kisogo hakipo.

Na sasa hatuko darasani tena, tuko barazani na mvua inanyesha ile inayolazwa na upepo. Zuhura yuko peke yake kwenye mkeka uliolowa, kibao mbele yake. Anajaza matundu tisa. Anaangalia la kumi. Anatoa vyote, anaanza upya. Vidole vimemkunjamana kwa maji. Najua, kama mtu anavyojua mambo ndotoni, kwamba anafanya hivi tangu Jumanne. Halii. Heri angelia.

Nikapiga hesabu zangu. Nikimfikia bila kengele kulia, nikamtema Kitinda pembeni ya mkeka, atamwona mwenyewe na hakuna atakayejua. Nikaanza kutembea. Kisigino mbele ya vidole, kisigino mbele ya vidole, kama nilivyofundishwa. Kengele imetulia. Lakini kila nikipiga hatua mkeka unasogea mbele hatua moja, na Zuhura juu yake, na hanioni.

"Zuhura," sauti ikaita.

Nikasimama. Nywele zikanisimama pia.

"Sijamaliza," Zuhura akajibu bila kuinua kichwa.

Nilitegemea sauti iite tena. Badala yake nikasikia mabuti, kwich, kwich, yanatoka. Mwalimu Modesta ana sweta lake la kijani, vifungo vimepishana kimoja kama siku zote, penseli imechomekwa kwenye nywele. Hana cha kutisha hata kimoja, na hilo ndilo lililonitisha. Mgongoni amembeba Juma kwa kanga. Juma amelala, anamlowesha sweta kwa mate.

Akampita Zuhura. Akaja kwangu. Akachuchumaa.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuwahi kusema na mtoto akiwa amesimama, alishuka kwanza mpaka macho yakutane. Mimi sasa ni mrefu kuliko yeye, lakini alipochuchumaa nikajikuta niko chini naye, macho kwa macho, na harufu ya sabuni ya mche puani.

"Rehema," akasema.

Nikabana meno. Kitinda akagonga meno.

Hakuita mara ya pili. Akasubiri. Mwanamke yule alijua kusubiri. Siku moja alinisubiri kifungo kimoja mpaka uji wa darasa zima ukapoa, mikono mapajani, hanisaidii, haondoki, mpaka nikakifunga. Sasa ananisubiri vilevile, na maji yanapanda. Yamefika kwenye mkeka. Vipande vya Zuhura vinaanza kuelea kimoja kimoja, kinene kwanza, na Zuhura anavifukuza kwa mikono miwili, anakamata hiki, kile kinamponyoka.

Nikamwonyesha mwalimu kengele kwa macho. Nikisogea tu, italia. Watasikia wote.

"Iache ilie," akasema.

Nikamtazama. Nikamtazama Zuhura, maji kifuani. Bibi anisamehe.

Nikamtema Kitinda kiganjani. "Abee, Mwalimu," nikaitika.

Kengele ikalia. Ililia kwa namna ambayo kengele ndogo kama ile haina haki ya kulia. Watoto wote wakafumbua macho, na wote wakanitazama mimi. Nikamnyooshea mwalimu kiganja, achukue, yaishe. Akarudisha mikono nyuma, akamweka Juma vizuri mgongoni.

"Si wangu," akasema. "Mpe mwenye mkeka. Mkononi."

Kengele haikunyamaza. Ililia mpaka ikawa mwiko wa Mama kwenye sufuria, na dirishani kumepambazuka kwa ukungu mtupu. Soksi ilikuwa tupu. Kitinda alikuwa kiganjani mwangu, amelowa. Jasho, nadhani. Sitaki kulifikiria zaidi.

Nilikwenda jikoni bila kunawa uso. Nikamweka Kitinda mezani, kando ya chupa ya chai.

"Mama, Juma hajameza kitu."

Mama akakitazama kile kipande kwa muda mrefu kuliko ukubwa wake.

"Unacho tangu lini?"

"Jumanne."

Hakunipiga. Alichukua simu, akampigia mama yake Juma, akamkuta stendi anangoja gari la kwenda hospitali na mtoto begani. Nikasikia yule mama anavyoshusha pumzi upande wa pili, kisha nikasikia anachosema juu yangu, nacho sitakiandika hapa. Alipokata, Mama akanyoosha mkono.

"Lete, nimpelekee Zuhura."

"Hapana. Nampelekea mwenyewe."

"Leo ndiyo unajifanya jasiri?"

"Nimeagizwa, Mama. Amevaa lile sweta la kijani. Vifungo vimepishana."

Mama akageukia jiko. Akakoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva, akaukoroga tena. "Vaa mabuti," akasema bila kugeuka. "Njia ya kwao ina matope."

Zuhura alitoka mlangoni amejifunga kanga ya mama yake mpaka kidevuni. Nilikuwa na hotuba tangu kwenye kona ya kanisa, nzuri kabisa, ina hata utani ndani. Nikachuchumaa kwenye matope na hotuba yote ikaondoka.

"Juma hakumeza," nikasema. "Kitinda nilimchukua mimi. Nilitaka nikucheke."

Nikamweka Kitinda mkononi mwake. Alimgeuza, akamnusa, akamfuta kwa kanga pande zote. Hakuonekana kufurahi. Alionekana kama mtu anayesoma barua ya serikali.

"Juma anajua?"

"Bado."

"Basi nitamwonyesha tena. Toka mwanzo." Akakunja ngumi juu ya Kitinda, akaingia ndani, akatoka amevaa sare, viatu kavipishanisha miguu. Nikataka kumwambia. Nikamsubiri. Alitembea hatua tatu, akasimama, akavitazama, akakaa kizingitini kuvibadilisha mwenyewe. Alipomaliza akaninyooshea kidole.

"Mkeka utaubeba wewe," akasema. "Na usiukumbatie."