Chai ya Mtangazaji

Juzi, kwenye duka la vitu vikuukuu hapa ugenini Isipingo, niliona redio ya mbao yenye kitambaa mbele, nikasikia harufu ya tangawizi ambayo haikuwepo.

Kwetu Tanga, kengele za London zilipolia redioni alasiri, mama aliweka kikombe cha chai ya tangawizi kando ya redio yetu. "Mtu haongei sebuleni kwetu na koo kavu," alisema. Mtangazaji alitusalimu, mama akaitikia, nami nikatumwa kuwaita majirani. Niliporudi, kikombe kilikuwa kitupu. Niliamini yule bwana anaishi mle ndani, nyuma ya ile taa ya manjano, na nilimwonea huruma kwa joto. Sikujiuliza kwa nini masharubu ya baba yalikuwa yamelowa.

Nilimsimulia mwenye duka, Mkongo. Akacheka. "Eish, Papa, ule mtu iko na kiu mpaka leo."

Jioni nikampigia simu mjukuu wangu mdogo aliyeko Tanga. Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani, kando ya simu.

"Babu, chai yako hii, inapoa."

Nikamshukuru. Akakimbia kwenda kumwita bibi yake, na hapo nikamsikia baba yake akipiga funda taratibu.