Barafu Iliyomshika Babu

Ijumaa iliyopita, tuliporudi kutoka ibada ya kanisa hapa Mesaimeer, Doha, ambako Wakristo husali Ijumaa, binti yangu aliniwashia televisheni akaenda kujiandaa kwa zamu yake ya hospitali. Walikuwa wakionyesha bahari ya kaskazini, kule ambako maji yenyewe huganda, na kiangazi kikija barafu hukatika vipande na kurudi nyuma. Nje, jiji lilikuwa linaungua kwa jua. Kisha barafu ile ikaguna, rafiki yangu, mguno mrefu wa mtu anayegeuka usingizini. Mguno huo niliusikia nikiwa na miaka kumi na miwili, juu kwenye Mlima Kenya.

Babu yangu alikuwa mpagazi wa wapanda mlima. Kabla sijazaliwa alitumbukia katika ufa wa barafu, mzigo mgongoni, wasimpate. Kwetu, mtu akipotea hivyo, huchimbwa kaburi na kuzikwa mgomba badala yake, ili nyumba ipumzike. Nyanya alikataa. Mzee wa kanisa alikuja mara nyingi kumsihi, huku akimalizia uji wetu wa wimbi.

"Mama, zika upate amani."

"Kwani mimi niliolewa na mgomba?" Nyanya alimjibu. "Barafu inayeyuka kila kiangazi. Itamtoa. Wewe kunywa uji."

Mwaka ule, mvua zilipokatika, alifunga viazi vitamu kwenye leso akanichukua. Mjomba, mpagazi naye, alitutangulia. Siku ya tatu tukafika ukingoni mwa barafu. Maji yalipita chini yake bila kuonekana, kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Na ndani ya barafu, mbali kidogo, mkono usipoweza kufika, palikuwa na kitu cheusi chenye urefu wa mtu.

"Ni jiwe," alisema mjomba.

Nyanya aliketi, akaanza kukipasha habari za nyumbani: nani ameoa, mjukuu huyu yuko darasa la sita, yule ng'ombe mwekundu nimemuuza. Hapo barafu ikaguna chini yetu. Nilimng'ang'ania nguo. Yeye akacheka.

"Umesikia? Yule ng'ombe bado anamuuma moyo."

Kiangazi kilichofuata mjomba alipanda peke yake. Barafu ilikuwa imerudi nyuma, na pale tulipoketi palikuwa na changarawe tupu. Hapakuwa na mtu, wala jiwe. Nilidhani Nyanya atalia. "Amepanda na barafu," alisema, akaendelea kuchambua maharagwe. Tangu hapo, kila asubuhi mawingu yalipofunguka, sisi watoto tuliutazama ule weupe ukisogea mbali nasi, na mtu ndani yake. Nyanya alifariki akingoja.

Jana mdogo wangu alinipigia simu kutoka nyumbani. Amefika huko juu: ni mwamba mtupu, barafu yetu imekwisha, na hakuna alichokiona.

"Kaka, wewe ndiye mkubwa. Tuzike mgomba?"

Nilimshukuru Mungu kwa subira ya Nyanya. Najua walioondoka wako mikononi mwa Bwana, hawangoji habari zetu. Nimelifundisha hilo kanisani maisha yangu yote.

"Zikeni," nikamwambia. "Kando ya Nyanya. Lakini kwanza mmoja wenu aende kaburini kwake, amwambie polepole kwamba barafu imekwisha. Asije akasikia majembe kabla hajaambiwa."