Kwenda Cedar Hill Kutafuta Theluji

Safari hii ilianzishwa na mdomo wangu. Miaka minne nilisoma shule ya usiku hapa Houston, mchana naendesha gari la kuwapeleka wazee kliniki, na siku niliyopata cheti nilimpigia simu shangazi yangu, Bi Mwanaidi, kule Tanga, kumwambia kwamba sasa naingia chuo. Akauliza nasomea nini. Nikaona nikisema uhasibu simu italala. Nikamwambia, "Shangazi, nimo katika timu ya theluji."

Uongo haukuwa. Chuo chetu kina timu ya ski, mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu miguuni, na mimi ni mwanachama halali. Klabu ya mpira ilinikataa kwa ajili ya umri, lakini ile ya ski haikuwa na watu wa kutosha hata ikapata wa kumkataa. Tatizo ni kwamba Houston haina theluji. Houston ina joto la kuivisha yai mfukoni. Kwa hiyo sisi hufanya mazoezi kwa ski za magurudumu: vipande viwili vya chuma, kila kimoja na gurudumu mbele na nyuma, unavifunga miguuni, unashika fimbo mbili ndefu, unajisukuma barabarani, na wenye magari wanakuombea dua.

Shangazi hayo hakuyauliza. Aliulizia picha. Yeye huuza barafu za ukwaju mlangoni kwake, na tangu siku ile kila aliyefika kununua aliambiwa, "Hii ni barafu ya kunyonya. Mwanangu Amerika anaikanyaga." Mtaa mzima ukawa unasubiri kuniona nimesimama kwenye theluji. Na njia ya kufika kwenye theluji ilikuwa moja tu: basi la chuo litakalokwenda milima ya Colorado mwezi wa kumi na mbili. Kocha wetu, Linda, mama mwembamba wa Minnesota asiyecheka kabla ya saa sita mchana, alitangaza masharti. Mwanzo wa msimu tungepiga kambi ya siku tatu Cedar Hill, karibu na Dallas, ambako kuna vilima. Huko kila mmoja atapimwa: kilomita sita za kupanda, dakika thelathini. Anayezidisha anabaki nyumbani.

Rekodi yangu ilikuwa dakika thelathini na nne. Tena tambarare.

Ijumaa, saa kumi na mbili alfajiri, gari la chuo lilinikuta nje ya nyumba yetu, mtaa wa Alief. Mke wangu, Saumu, alikuwa amesimama mlangoni na kanga, ananitazama nilivyobeba fimbo zangu.

"Baba Salma," akasema, "ukivunjika, tafadhali vunjika upande mmoja. Nipate pa kukushika."

Saa tatu asubuhi tulikuwa katikati ya njia, tumesimama kwenye kituo cha mafuta kikubwa kiasi kwamba ukienda chooni unarudi umeota ndevu. Diego, mwenzangu wa timu, kijana wa mtaa wa Sharpstown anayenizidi kwa kila kitu isipokuwa mvi, aliniuliza kama naogopa. Yeye huniita mjomba, kwa Kihispania.

"Mimi?" nikamwambia. "Mimi nimemaliza hesabu za shule ya usiku nikiwa nimelala. Kilima ni nini?"

"Mjomba, umeshika chai kwa mikono miwili na bado inamwagika."

Saa tano asubuhi tuliingia Cedar Hill. Mtu wa Houston akiona kilima hushuka garini kukipiga picha, maana kwetu kitu kirefu ni daraja. Kile tulichoonyeshwa kilikuwa na tangi la maji kileleni, na nyinyi mtasema nazidisha, lakini mimi naamini Kilimanjaro ukikutana nacho njiani utakiamkia. Mazoezi ya jioni ile nitayafupisha: nilianguka mara kumi na moja, na mara moja kati ya hizo nilikuwa nimesimama tu.

Wenzangu walijenga mahema kando ya ziwa. Mimi na mgongo wangu tulishaagana na mahema zamani. Saumu alikuwa amenipatia simu ya Mama Furaha, binamu wa mwenzake wa kazini, mama wa Kikongo kutoka Uvira anayeishi palepale, mtaa wa pili kutoka chini ya kilima. Hatukuwahi kuonana. Nilipopiga, nikasema salamu tu na jina la Saumu, hakutaka kusikia zaidi.

"Kuya, baba, kuya! Mugeni yetu halale ku hema sawa askari."

Yaani nije, mgeni wao asilale hemani kama askari. Jioni nilikuta meza imejaa: bugali, ndio ugali wao, sombe, yaani kisamvu, ya mawese, samaki, ndizi. Mama Furaha ni mnene wa mwili na wa sauti. Anawahudumia wazee katika nyumba ya wazee, na Jumapili anaongoza kwaya. Nilipoomba kula kidogo kwa sababu asubuhi napimwa, aliniongezea samaki, akasema mtu wa kupimwa lazima awe na uzito.

Jumamosi, saa moja asubuhi, tulipanga mstari chini ya kilima. Barabara ilipita katika mtaa mpya ambao nyumba zake hazijaisha kujengwa, kwa hiyo magari hakuna. Kocha alituachia mmoja mmoja, kila dakika mtu. Mimi nilikuwa wa mwisho, kwa heshima ya rekodi yangu. Alipoibonyeza saa yangu akaingia garini kuzungukia juu, akatungojee kwenye tangi.

Nilianza vizuri, wallahi. Upepo ulikuwa nyuma yangu, samaki wa jana wamenikubali. Nikakata kona ya kwanza, na hapo nikamwona Mama Furaha na wenzake watatu wa kwaya wamesimama katikati ya barabara, wamevaa vitenge, wanatabasamu.

"Baba! Umetoka ku nyumba bila kusindikizwa?"

"Mama, niliona mmelala..."

"Kulala! Mugeni anaenda ku mulima peke yake, na sisi tulale? Batu batasema nini?"

Akanishika mkono wa kushoto. Mwingine akanishika wa kulia. Tukaanza kutembea.

Sasa, ninyi wasomaji wa nyumbani mnaelewa. Kocha hakuelewa, Diego hakuelewa, lakini nyinyi mnaelewa: mtu mzima akikusindikiza, huwezi kumtoka mbio. Unakwenda mwendo wake mpaka yeye mwenyewe aseme, "Haya, hapa nakuachia." Kumwacha nyuma ni kama kumfungia mlango usoni. Ndani ya kichwa changu saa ilikuwa inagonga kama nyundo ya fundi bati. Miguuni nina magurudumu. Na mimi natembea hatua za bwana harusi.

"Mama, leo nina haraka kidogo," nikasema.

"Haraka ya nini, na hata chai haukunywa? Nakufikisha tu pale ku kona."

Kwenye kona alikumbuka kwamba Saumu hajapelekewa salamu. Akazitoa, moja moja, kwa majina. Ndipo mwenzake akatoa mfuko wenye bakuli la sombe la kupeleka Houston.

"Nitalichukua nikirudi, mama."

"Ukirudi utasahau. Wanaume banasahau."

Akanivika mfuko shingoni. Akasema, "Haya, hapa nakuachia. Mungu akuongoze." Nikaruka kama jiwe la manati. Nilipita pale ambapo hata mbwa walikuwa wanapumzika. Bakuli lilinipiga kifuani kila hatua, mawese yakanichora fulana mpaka nikaonekana nimepigwa risasi.

Kocha aliangalia saa: dakika thelathini na sita. Kisha akaangalia fulana.

"Umeumia?"

"Hapana. Ni mboga."

Wenzangu wote walikuwa wamepita. Diego peke yake hakucheka. Alikaa karibu yangu ukingoni mwa barabara akaniuliza kilichotokea. Nilitaka kusema mguu uliuma. Ingekuwa rahisi. Lakini nikafikiri, jamani, mdomo uliouanzisha mkasa huu usiumalizie kwa uongo. Nikaeleza kila kitu, kona na salamu na sombe, kocha akisikiliza amekunja mikono.

"Bibi yangu yuko hivyohivyo," Diego akamwambia kocha. "Ukimuaga, pika kwanza chakula cha njiani, maana utakaa."

Kocha alikunjua mikono. Halafu akasema, na ilikuwa bado saa mbili asubuhi, "Mama yangu, kule Minnesota, huaga wageni saa nzima. Sebuleni, mlangoni, halafu dirishani mwa gari. Baba huwa anawasha injini makusudi." Akacheka. Wenzangu walitazamana kana kwamba lile tangi la maji limecheka. "Kesho saa moja asubuhi. Mara moja tu. Lakini asikusindikize mtu yeyote."

Mtihani mgumu haukuwa kilima. Ulikuwa jioni, kumwambia Mama Furaha. Nilizunguka: nikasifu sombe, nikasifu pazia, nikauliza habari za Uvira, mpaka mwenyewe akaweka mwiko chini.

"Baba, sema. Nakuona unazunguka sawa kuku anayetafuta pa kutagia."

Nikamwambia. Nikamwambia na ya shangazi na picha na mtaa mzima unaosubiri. Akafuta mikono kwa kitenge. Ile sauti ya kwaya ikashuka hadi ya kunong'ona.

"Kumbe ni mimi nilikuharibia."

"La, mama. Heshima haiharibu."

"Iliharibu dakika sita." Akachukua tena mwiko. "Basi kesho sitakusindikiza. Nitakuaga hapa, kisha nigeuke, nisione miguu yako inatoka."

Jumapili asubuhi alitimiza. Alinipa chai, akageukia sinki, akaosha kikombe kimoja muda mrefu sana. Nikatoka peke yangu, na nitawaambia ukweli, lile lango lilikuwa zito kuliko kilima.

Safari hii sikuwa na sababu ya kusimama. Kocha alibonyeza saa, nikaondoka. Kilomita ya kwanza nilikuwa swala. Ya tatu nilikuwa ng'ombe. Ya tano nilikuwa samani. Malengelenge yalikuwa yamejaa viganjani, nikalegeza mikanda ya fimbo, nikaendelea kujivuta. Mwishoni barabara inasimama wima kama ngazi ya mnara wa msikiti, na juu yake niliona tangi, kocha, wenzangu, na watu wanne wenye vitenge vya kanisani.

Mama Furaha! Hakunisindikiza. Alikuwa amezunguka kwa gari kuja kunipokea.

Alishuka kunilaki, hatua ishirini kabla ya mstari, mikono imenyooshwa. "Pole na safari, baba! Leta! Leta muzigo!"

Na mkono uliolelewa Tanga, mwenyeji akija kuupokea mzigo, unaachia wenyewe. Kabla akili haijafika, fimbo zangu zote mbili zilikuwa kwapani mwake.

Sasa fikirieni: mlima wima, magurudumu miguuni, fimbo sina. Nikasimama. Halafu polepole, kwa adabu kabisa, nikaanza kurudi Houston kinyumenyume.

"Miguu nje!" kocha akapiga kelele. "Kama bata! Kama bata!"

Diego naye: "Mjomba, bata!"

Nikageuza vidole nje, nikatembea kama bata mnene aliyechelewa harusi, magurudumu yanakwaruza lami, Mama Furaha anatembea kando yangu na fimbo zangu anaimba pambio, kwaya inaitikia. Hakunigusa. Hakunisukuma. Alinipokea tu mpaka mstarini, nikaangukia upande wa pili kifudifudi.

Dakika ishirini na tisa na sekunde hamsini na nane. Hapa sizidishi, saa iko kwa kocha.

"Bila fimbo inaruhusiwa?" Diego aliuliza kwa hofu.

"Fimbo si lazima," kocha akasema, akiandika jina langu kwenye orodha ya Colorado. "Mtu ndiye lazima."

Mchana tulirudi Houston, bakuli la pili la sombe likiwa mapajani mwangu kama abiria. Nilijifunza kwamba dakika sita zinaweza kupatikana tena kilimani. Ningemtoka Mama Furaha pale kwenye kona, heshima sijui ningeitafuta wapi.

Jua lilipokuwa linashuka gari lilinishusha Alief. Saumu alitoka, akanikagua pande zote mbili. Kocha akasema kwaheri, akatia gia. Mimi nikaweka mkono kwenye dirisha lake, nikaanza kutembea kando ya gari, namtumia salamu mama yake wa Minnesota, na baba yake pia.

Wenzangu wakaguna. Kocha hakukanyaga mafuta. Aliendesha mwendo wangu, polepole, mpaka kwenye kona.

"Haya," nikasema, "hapa nakuachia."