Kilo Mbili za Pilipili ya Mwenyekiti

Siku Mama Viungo aliposaga pilipili, mtaa mzima ulijua bila kuambiwa. Kinyozi wa jirani aliweka wembe chini, maana huwezi kumnyoa mtu anayekohoa, na wateja wake walitoka nje na povu mashavuni kuisema vibaya ile mashine. Mama Viungo mwenyewe hakukohoa. Miaka ishirini na sita ya kusaga bizari, mdalasini na pilipili ilikuwa imemwachia pua sugu, na ulimi wa namna hiyo hiyo.

Mteja wake mkubwa wa pilipili alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Mwenyekiti wa kamati ya mieleka ya mafahali. Kila mwaka, siku mbili kabla ya mashindano, alipita kuchukua kilo mbili. Mama Viungo aliamini zinakwenda kwenye mchuzi wa wageni. Mwaka jana ndipo alipozunguka nyuma ya uwanja kutafuta choo, akaiona kazi ya pilipili yake. Wanaume wawili walikuwa wamemshika fahali kichwa, na wa tatu, mwenye glavu, anampaka machoni na puani ili atoke zizini na wazimu, wanaume wamrukie nundu na watu washangilie. Na fahali mwenyewe alikuwa Waziri.

Waziri alizaliwa katika zizi la marehemu baba yao. Mama yake alikufa akimzaa, na Mama Viungo ndiye aliyemlea kwa chupa ya maziwa mpaka ndama akawa anamfuata hadi mlango wa jikoni. Zizi lilirithiwa na mdogo mtu, na Waziri pamoja nalo. Siku ile ya mwaka jana alitoka mbio asijue anakokwenda, akaparamia uzio, na kipande cha mti kikamtoboa jicho la kushoto. Watu walipiga makofi.

Mama Viungo alianza kwa maneno mazuri. Alimwomba mdogo wake amwondoe Waziri mashindanoni, kwa kuwa likiharibika na jicho lililobaki ndiyo basi tena. Mwenyekiti akacheka.

"Inawasha kidogo tu, dada," alisema. "Ng'ombe ni ng'ombe."

Jina la Waziri likabaki kwenye orodha, tena la kwanza. Maneno mazuri yakiwa yamegonga mwamba, Mama Viungo akanunua pilipili hoho nyekundu, zile kubwa tamu zisizomwasha hata mtoto mchanga, akazianika juu ya bati mpaka zikakauka kau. Kwa rangi usingezitofautisha na zile kali.

Alhamisi alizimimina kwenye mashine. Mwenyekiti alikuwa amesimama pale pale akisubiri, akieleza kwamba kopo la mwaka jana lipo stoo kwake ila limebaki robo. Hapo ndipo Mama Viungo alipogundua kosa ambalo halikuwa limempitia hata akilini. Mashine ilinguruma, vumbi jekundu likapaa, na hakuna aliyekohoa. Mtaa ulitulia tuli. Kinyozi akachungulia dirishani, wembe mkononi, akauliza mbona leo salama.

Mama Viungo akapiga chafya. Ilikuwa chafya ya uongo, ya kwanza maishani mwake, na hakuwa na kipaji nayo. Akapiga ya pili huku akimkazia kinyozi macho. Kinyozi hakuelewa kitu, ila macho yale aliyajua. Akaanza kukohoa mpaka akashika ukuta. Mteja wake naye akakohoa, na yeye, maskini, alikohoa kwa dhati kabisa. Mwenyekiti akafuta pua yake kavu, akasema pilipili ya mwaka huu ni moto, akaondoka na mzigo wake.

Jumamosi uwanja ulifurika. Mgeni wa heshima alikuwa bwana mifugo, afisa wa afya ya wanyama, na Mwenyekiti alimwapia kwenye kipaza sauti kwamba mafahali hawa hawatiwi kitu chochote, ukali wao ni wa kuzaliwa. Lango likafunguliwa. Waziri akatoka, uso mwekundu, akasimama kuangalia watu. Muuza nyama, bingwa wa miaka mitatu, akamrukia nundu na kung'ang'ania kwa nguvu zake zote. Waziri hata hakustuka. Alinusa hewa, akamwona Mama Viungo ukingoni na pumba mfukoni mwa aproni, akaanza kumfuata taratibu, bingwa akining'inia ubavuni kama koti kwenye msumari.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Fahali wa pili alitoka akalala. Wa tatu alikwenda meza kuu akala maua.

Mwenyekiti alimjia dada yake na kopo mkononi, jasho likimtiririka. Akamnong'oneza kwamba hii si pilipili.

"Kalalamike," Mama Viungo akamwambia. "Bwana mifugo yule pale. Mwambie pilipili ya kuwapaka mafahali mwaka huu ni mbovu."

Mwenyekiti akatazama kipaza sauti, akatazama meza kuu, asiende kokote.

"Au hakikisha mwenyewe, mdogo wangu. Jipake jichoni. Isipowasha, nimekudanganya."

Kidole kikazama koponi, kikapanda mpaka karibu na kope, kikagoma. Mwenyekiti alikuwa na uhakika wa asilimia tisini kwamba haiwashi. Zile kumi zilizobaki ndizo zilizomshika mkono.

"Mbona unasita?" dada yake akauliza. "Si inawasha kidogo tu?"

Mkono ukashuka. Mama Viungo akamfunga Waziri kamba, akaondoka naye, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Jumatatu asubuhi Mwenyekiti aliingia dukani akipapasa ukuta, jicho moja limevimba na kufumba, machozi mpaka kidevuni. Alikuwa ameingia stoo, peke yake, akafungua kopo la mwaka jana, akajipaka.

Mama Viungo alicheka, hawezi kusingiziwa kwamba hakucheka. Kisha kicheko kikamkatika. Huyu alikuwa mtoto aliyembeba mgongoni. Akamkalisha kwenye gunia la bizari, akamshika kichwa, akaanza kumwosha jicho kwa maji baridi. Lilikuwa la kushoto.

"Inawasha, dada," alisema.

"Najua."

Maji yakamtiririka shingoni.

"Lile la Waziri la kulia, linaona?"

"Linaona."

"Basi abaki kwako. Na hao wengine nitawafuta kwenye orodha."