Mashine Isiyo na Mdomo

Kaka yangu mkubwa alikuwa na chumba cha michezo Beni, mimi nina changu Butembo. Ni vyumba vya kawaida: mabenchi, televisheni, mashine za kuchezea, na upande wa Beni feni, kwa sababu kule kuna joto. Vijana wanalipa, wanacheza mpira wa kwenye kioo, wanatukanana kwa furaha, wanaondoka. Kaka ndiye aliyeanza, kwa mashine iliyochakaa aliyoinunua kwa mfanyabiashara aliyerudi kutoka Dubai. Mimi nilikuwa fundi wa redio, nikamfuata baadaye. Ufundi sikuusomea shuleni. Niliupata kwa kufungua vitu na kusoma karatasi zilizokuja navyo, kwanza za Kifaransa, halafu, kwa msaada wa kamusi, za Kiingereza.

Kwa miaka mingi tuliendesha vyumba viwili kwa diski za pamoja. Diski ikikaa kwangu wiki mbili, niliifunga ndani ya shati kuukuu na kumpa dereva tuliyemjua aipeleke Beni. Gari hazikutembea kila siku. Kwanza tuliuliza habari za barabara, halafu ndipo tulipofunga mzigo. Diski haikuuliza mtu jina. Aliyeishika ndiye aliyeicheza. Ukiichoka unaiuza, na aliyeinunua anaweza kuiuza tena, mpaka mikwaruzo iimalize. Kuna diski iliyopita kwetu ikiwa imeandikwa kwa kalamu majina ya watu watatu, na yote matatu yamekatwa.

Halafu vijana walianza kuulizia mashine za kizazi kipya. Kaka akanipigia simu.

"Wewe ndo unajua kusoma mavitabu ya mashine," alisema. "Unisomee vizuri. Hapana kuniletea maneno ya batoto."

"Nipe mwezi moja."

"Mwezi? Unachagua mashine ao unasomea upadri?"

Nilichukua mwezi mzima. Nilifungua daftari la shule, kampuni moja ukurasa wa kushoto, ya pili ukurasa wa kulia. Nguvu ya mashine haikunichukua muda; kwa mchezaji wa Beni zinalingana. Kilichonichukua muda ni masharti ya michezo iliyokwisha kutumika, kwa sababu sisi tuliishi kwa michezo ya namna hiyo. Nilisoma kwamba katika kizazi kilichotangulia kampuni moja ilitaka kila diski ifungwe kwa jina la mnunuzi wa kwanza. Wachezaji walikasirika, mshindani wake akaicheka hadharani, na kampuni ikarudi nyuma. Katika kizazi hiki kipya sikuona mahali popote palipoandikwa kwamba kuuza diski ni marufuku. Kampuni zote mbili zilikuwa zimefanya jambo la kimyakimya zaidi. Kila moja iliuza mashine ya namna mbili: yenye mdomo wa kumezea diski, na isiyo na mdomo, ambayo ni ya bei nafuu. Isiyo na mdomo hupokea michezo kwa internet tu, na mchezo huo hukaa kwenye jina la mtu aliyejiandikisha. Hauazimiki, hauuziki.

Yote hayo niliyaandika. Niliandika pia vumbi la Beni, diski zinazokwaruzika, diski zinazotoka chumbani ndani ya soksi ya mteja, barabara inayofungwa. Kaka alikuwa na internet nzuri pale kwake, kutoka kwenye antena ya jirani. Mwishoni nilimwambia: mimi nitanunua yenye mdomo, kwa sababu Butembo diski zilizotumika zinapatikana, wewe nunua isiyo na mdomo. Hesabu ilikuwa sawa. Kila mstari niliweza kuutetea.

Kaka aliuza mashine yake ya zamani na kununua niliyomwambia. Alijiandikisha kwa namba yake ya simu, akanunua michezo minne. Mimi nikanunua yenye mdomo, na diski zetu zikabaki kwangu. Chumba chake kilijaa.

Hakuumaliza mwaka. Alishikwa na tumbo, akalazwa, akafanyiwa operesheni, na siku ya tatu akafa. Nilifika Beni nikiwa bado nina mafuta ya pikipiki mikononi.

Kwetu, siku ya kumaliza kilio, vitu vya marehemu hugawiwa mbele ya watu wote, kimoja kimoja, kila kimoja na mtu wake. Kitu kikibaki bila mtu, kitaleta ugomvi. Koti lilikwenda kwa mwanaye wa ubatizo. Jembe na panga kwa binamu wa Alimbongo. Simu alipewa baba yetu mdogo, anayelima kakao Mabalako, kwa sababu yake ilikuwa imekufa. Ilipofika zamu ya mashine, shangazi yetu, ambaye ndiye mkubwa wa familia sasa, aliinuka.

"Mashine ni ya mama ya batoto," alisema. "Na chumba ni yake. Mutu asiguse. Atakula nini na hawa batoto wane?"

Hakuna aliyebisha. Shemeji yangu aliinamisha kichwa na kushukuru.

Baada ya wiki moja aliniomba nimwandalie mashine ili afungue chumba. Hapa ndipo nilipofanya kosa langu. Mtu akirithi kiwanja au meza sokoni, jambo la kwanza ni kubadilisha jina. Jina la marehemu likibaki kwenye karatasi, siku moja atatokea mtu wa kudai, na nimeona wajane wakitolewa nyumbani kwa uzembe huo. Basi nilikaa mbele ya kioo kama karani wa ardhi. Niliandikisha jina la shemeji. Kisha nilikwenda kwenye jina la kaka nikachagua kulifuta. Mashine iliuliza kama nina hakika. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu huwa nasoma kila kitu mara mbili, nikabonyeza ndiyo.

Picha za ile michezo minne zilibaki mahali pake, lakini juu ya kila moja ilitokea kufuli ndogo.

"Shemeki," aliniuliza mjane nyuma yangu, "hizi kadena ni za nini?"

Nilikuwa nimefikiri michezo imo ndani ya mashine, kama mahindi yalivyo ndani ya ghala. Haikuwa hivyo. Ilikuwa ya jina, na jina nilikuwa nimelifuta kwa mkono wangu. Ili lirudi, mashine ilitaka neno la siri, ambalo kaka alikufa nalo, au tarakimu zitakazotumwa kwenye namba yake ya simu.

"Nitarekebisha," nilisema.

"Mwenye nyumba amekuja jana," alisema. "Kuko mutu anataka hapa kwa duka ya dawa. Amesema kama mwisho wa mwezi nafasi ingali yenye kufungwa, atamupatia. Mimi sina mahali pengine, shemeki."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Kwanza niliiandikia kampuni, kwa Kifaransa safi, nikiambatanisha picha ya cheti cha kifo. Jibu lilikuja siku ya pili, la upole. Walitupa pole. Walieleza kwamba mteja hanunui mchezo bali ruhusa ya kuutumia, kwamba ruhusa ni ya mtu binafsi, na kwamba haihamishwi, hata kwa kifo. Nilirudi kwenye daftari langu. Maneno hayo nilikuwa nayo, nimeyanakili mwenyewe: ruhusa ni ya mtu binafsi. Niliyanakili kwenye mstari wa kuuza na kuazima. Kifo sikukifikiria, na nilikuwa nikimchagulia mashine mtu aliyenizidi miaka kumi, mwenye wategemezi watano.

Nikapanda pikipiki kwenda Mabalako. Baba mdogo nilimkuta akigeuza kakao kwenye turubai. Simu ya kaka ilikuwa mfukoni mwake, safi, imevalishwa mfuko mpya.

"Baba, puce iko wapi? Ile kadi ya namba ya marehemu?"

Aliacha reki.

"Ile nilivunja."

"Ulivunja?"

"Mwanangu, sikia. Ile namba ilikuwa inalia kila siku. Asubui: halo, uko wapi, nimekuja kucheza. Mangaribi: halo, umenisahabu. Mimi nasema, ule mutu alikufa. Wanalia. Na mimi nalia. Kesho tena mwingine. Wiki nzima nazika mutoto wangu mara tatu kwa siku." Alionyesha kwa kidole mti wa kakao nyuma ya nyumba. "Nikavunja, nikafukia pale. Nilifanya mubaya?"

"Hapana, baba."

"Wewe mwenye masomo ungenifundisha."

"Na mimi sikujua."

Alinipa kikombe cha chai na kuniuliza kama nimekula. Sikuwa na la kumlaumu. Mti wenyewe sikuutazama.

Ilibaki ofisi ya mtandao wa simu, ambako namba iliyopotea huweza kurudishwa kwenye kadi mpya. Nilifika Beni na cheti cha kifo, karatasi ya ndoa na mjane mwenyewe. Aliyetupokea dirishani alikuwa kijana mpole aliyeletwa kazini kutoka Kinshasa, aliyechanganya Kifaransa na Kiswahili. Aliandika namba, akatazama kioo chake, akatazama karatasi zetu.

"Vieux, mzee, hii namba si ya huyu marehemu."

"Ameitumia miaka minane."

"Ametumia, d'accord, sawa. Lakini iko kwa jina ya mama mumoja wa Kasugho."

Nilielewa kabla hajamaliza. Kaka alikuwa ameinunua ile kadi barabarani, kama sisi sote, kwa muuzaji mwenye mwavuli, na muuzaji akaiandikisha kwa kitambulisho chochote alichokuwa nacho siku hiyo.

"Sasa tunafanya nini?" aliuliza shemeji.

"Ule mama aje mwenyewe, na carte yake ya kitambulisho."

"Huyo mama simujui!" Shemeji alianza kucheka, kicheko kibaya, huku amefumba macho. "Miaka minane mume wangu anaongea na mimi kwa namba ya mwanamuke mwingine, na mimi sijui!"

Watu kwenye foleni walicheka naye. Kijana wa dirishani hakucheka. Alisema, "Pole, mama," akarudisha karatasi zetu moja moja, zikiwa zimepangwa.

Zilibaki siku nne, na fedha za kununua michezo upya hospitali na kilio vilikuwa vimezimaliza. Kasugho ni ng'ambo ya pili ya Lubero, msituni, na mama huyo sikuwa na uhakika kama yupo. Nilirudi Butembo nikakaa katika chumba changu kabla ya wateja kufika, nikaitazama mashine yangu. Sisemi kwamba uamuzi ulikuwa mwepesi. Mimi pia nina watoto, na wateja wangu walikuja kwa ajili ya mashine ile. Lakini niliweza kurudi kwenye redio na simu, kazi ambayo mikono yangu inaijua. Yeye hakuwa na mahali pa kurudi. Nilizipitia diski. Nyingine ni ganda tu, mchezo wenyewe bado lazima uvutwe kwa internet, hizo niliziacha. Nilichagua saba zenye mchezo kamili ndani yake, nikazijaribu moja baada ya nyingine mashine ikiwa haina internet. Kisha nilifunga kila kitu ndani ya blanketi na kumpigia shangazi simu, nikamwomba awaite watu wa familia chumbani kwa kaka.

Walikuja sita, wakaketi kwenye mabenchi ya wachezaji. Niliwaeleza nikiwa nimesimama: kwamba mimi ndiye niliyemchagulia kaka mashine, na mimi ndiye niliyefuta jina lake, kwamba michezo minne aliyoinunua imekwenda naye. Baba mdogo alijaribu kusema kuhusu ile puce, nikamwomba aache.

"Nilijua," alisema shangazi. "Mutu mwenye kusoma kila kitu, iko siku anasoma mpaka kuanguka kwa shimo."

Hata shemeji alitabasamu. Nilifungua blanketi.

"Hii ni ya nani?" aliuliza shangazi, ingawa aliona.

"Ilikuwa yangu. Kuanzia leo ni ya shemeki, na hizi diski saba. Mashuhuda ni ninyi."

Nilitarajia shemeji ashukuru kama alivyoshukuru siku ya kumaliza kilio. Hakushukuru. Alisimama, akaja mpaka kwenye mashine, akapitisha kidole kwenye mdomo wake.

"Mara ya kwanza pia mulinipatia mbele ya watu," alisema. "Nikasema asante. Leo ninauliza kwanza. Mimi nikikufa kesho, binti yangu atacheza?"

"Atacheza."

"Bila namba? Bila code?"

"Bila."

"Unionyeshe."

Binti yake wa kwanza, anayesoma sekondari, aliitwa kutoka uani. Shemeji alimwambia aketi mbele ya kioo. Nilitaka kumsaidia, mama yake akanizuia kwa mkono, nikaketi kwenye benchi. Binti aliunda mtumiaji mpya mwenyewe, akaandika jina lake herufi kwa herufi. Shemeji alichukua diski moja, akaigeuza, akaifuta kwa kitenge chake, akaisukuma mdomoni. Mashine ikaimeza. Diski ikasikika ikizunguka. Baba mdogo alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Kisha uwanja wa mpira ukatokea, kijani, umejaa watu, na mchezo ukamwuliza binti achague timu.

"Sasa toa," alisema shemeji. "Weka ile ingine."

Alizijaribu zote saba. Hatukuinuka hata mmoja. Ya saba ilipofunguka aliivua kamba ya ufunguo shingoni, akaenda kufungua mbao mbili za mlango zinazoelekea barabarani. Vijana wawili walikuwa tayari wamesimama nje, wamevutwa na sauti.

"Iko mechi?" mmoja aliuliza.

"Iko. Ingia." Akanigeukia. "Shemeki, inuka pale. Hiyo nafasi ni ya wateja."