Vidole vya Dada Gaudensia

Jumamosi ile bado naiona, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Hasira yenyewe ni yangu juu yangu mwenyewe. Siku hizi imeongezeka, maana napita madukani hapa Mbinga nawasikia ninyi mafundi vijana mkirudia uongo uleule niliousema mimi, tena bila aibu. Basi kaa unisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Kwaya ya kigango chetu huku milimani ilikuwa na gitaa moja la umeme, jekundu, tuliloachiwa na padre aliyehamishwa. Mpigaji wake alikuwa Dada Gaudensia, mkulima wa kahawa, mama wa watoto wanne. Alijifundisha mwenyewe, na Jumapili watu walitoka vijiji vya mbali wakimfuata yeye. Padre mpya alidhani wanafuata mahubiri, nasi hatukumwambia kitu.

Nyuzi za gitaa lile zilikaa juu mno. Kuzibonyeza ilikuwa kazi kweli, na mwanamke aliyeshinda wiki nzima na jembe alimaliza misa vidole vimechubuka. Mimi nilikuwa nimetengeneza redio mbili tatu, nikaanza kujiita fundi. Ndipo akaja kwangu asubuhi ya Jumamosi ile na gitaa limefungwa kwenye kitenge.

"Bosco, mdogo wangu," akasema, "hebu nishushie nyuzi kidogo. Ila zisije zikakwaruza."

"Niachie, dada. Jioni uje uchukue."

Sikuuliza mtu, wala sikulitazama gitaa hata dakika moja. Kule mwanzo wa shingo, karibu na funguo za kukazia nyuzi, kuna kipande cha mfupa chenye mifereji ambamo nyuzi hupita. Nilichukua tupa ya kunolea panga nikaichimba mifereji ile. Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma inayoizuia isipindwe na mvuto wa nyuzi. Nikaikaza mpaka mkono ukagoma. Nyuzi zikalala chini, laini, nikafurahi. Nilipozipiga, zikalia kama bati lililolegea. Uzi ulioachwa wazi, bila kubonyezwa, ulikwaruza, na sehemu zote za mwanzo wa shingo zilikwaruza. Nikibonyeza juu, karibu na tumbo la gitaa, sauti ilikuwa safi.

Jioni akaja, akapiga, akasimama.

"Mbona linakwaruza?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, "Dada, nimeharibu." Ni maneno mawili tu. Badala yake nikalichukua gitaa, nikapiga kule juu kulikokuwa safi, nikamwambia, "Unasikia? Gitaa ni zima. Ni vidole vyako, dada. Jembe limevikaza, huwezi kubonyeza sawasawa tena."

Aliigeuza mikono yake, akaitazama pande zote mbili. Hakubishana nami. Mtu mwaminifu akiambiwa kosa ni lake huwa anaamini, na ndiyo sababu uongo wa namna hii unaniudhi kuliko wizi.

Alijaribu Jumapili tatu. Ya nne akamkabidhi mwalimu wa kwaya gitaa, akaenda kukaa na waimbaji wa sauti ya pili. Unajua nani alipewa kiti chake? Mimi. Nikakaa miezi minane nikipiga kule juu tu, nikikwepa mahali nilipoharibu, na watu wakanipongeza.

Kisha kwaya yetu ikaalikwa Mbamba Bay kwenye sikukuu ya parokia. Dada Gaudensia alibaki kwenye mavuno ya kahawa. Kule ziwani mwimbishaji wetu alikuwa na mafua, akaomba wimbo tuushushe chini, nami nikalazimika kupiga nyuzi za wazi. Spika ziliutoa mkwaruzo wote nje. Watoto wakacheka. Baada ya misa akanijia mzee mmoja mwembamba wa kijiji cha Lundo, Mzee Optatus, aliyewahi kupiga muziki wa dansi na sasa alikuwa akitengeneza magitaa nyumbani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete hilo."

Akaliinua kama mtu anayelenga bunduki, akafumba jicho moja na kutazama shingo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akagusa mifereji ya mfupa kwa ukucha.

"Nani alichimba hapa?"

"Mimi, mzee."

"Na kabla yako alikuwa analipiga nani?"

"Dada mmoja. Aliacha, vidole vyake vimechoka."

"Vimechoka amesema nani?"

Hakunipandishia sauti, na ingekuwa nafuu angenipandishia. "Kijana," akasema, "mfupa huu nitakuchongea mwingine leo hii. Imani ya yule mama katika mikono yake utaichonga kwa tupa gani?"

Nilikaa kwake siku mbili. Alinipa kipande cha mfupa wa ng'ombe nikakisugua mpaka kikawa kama kioo, naye akakichonga mifereji mipya. Alinifundisha kubonyeza uzi mwanzo na mwisho wa shingo, kisha kuchungulia katikati: pawepo mwanya mdogo, karatasi ipite. Fimbo aliilegeza robo robo ya mzunguko, akakaza nyuzi hadi kila moja ikatoa sauti yake, akaliacha gitaa lipumzike hadi kesho yake. Ndipo akashusha nyuzi kwenye daraja, kile kipande cha tumboni kinachozibeba, moja moja, akisikiliza kila hatua. Zikalala chini kuliko nilivyozilaza mimi, wala hazikukwaruza popote. "Ukifika kwenu kwenye baridi, likague tena," akaniambia. "Mti nao unahisi hali ya hewa."

Nilimkuta Dada Gaudensia akigeuza kahawa kwenye vichanja. Nikamweleza yote nimesimama. Aliendelea kugeuza kahawa hadi nikamaliza.

"Miezi minane," akasema. "Nimeviogopa vidole vyangu mwenyewe, hata kushona nikaacha. Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, dada."

"Basi Jumapili utasema mbele ya kwaya. Na useme kwa sauti."

Nikasema. Wengine hawakunisalimu hadi Kwaresima. Dada Gaudensia akarudi kwenye kiti chake akapiga miaka mingi, na baada ya muda alinisamehe, alinipa hata mtoto wake nimsimamie kipaimara. Lakini gitaa hakunipa tena. Likihitaji kutazamwa alipanda gari akateremka nalo mpaka Lundo, akipita mbele ya mlango wangu, nami nilikuwa fundi mzuri wakati huo. Nilistahili.

Sasa ninyi mna simu za kuwaonyesha kila kitu, mna vipimo ambavyo Mzee Optatus hakuwahi kuviota, halafu mteja akilalamika mnamwambia, "Hujui kupiga." Nani kawapa ruhusa hiyo?

Mwanangu, nisikie. Tazama kabla ya kugusa. Fimbo ya shingoni izungushe robo, usubiri. Urefu wa nyuzi uurekebishe darajani. Tupa iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa mfupa ukishaliwa haurudi. Na ukiharibu, sema siku ileile, kabla mwenye gitaa hajaanza kujitilia shaka. Ukimtwika mtu kosa lako, hata ukija kumtua, bega lake litakumbuka.

Mungu akujalie mkono mwepesi na sikio kali. Akupe ulimi unaoweza kusema "nimekosea" ukiwa bado kijana, na watu wakuletee vitu vyao wanavyovipenda bila hofu, mpaka uzeeke.